Mita Moja na Robo

Siku wakandarasi walipoitwa kuonyeshwa kiwanja cha kuchimbwa msingi wa wodi mpya, wanane walisimama kivulini ubavuni mwa jengo la zahanati, wakatia saini karatasi ya mahudhurio, wakapiga picha mbili tatu kwa simu na kuanza kuagana. Kiwanja kilikuwa tambarare, majani mafupi, hakionekani kuficha neno. Mtu mmoja tu alikuwa amepiga magoti. Alikuwa mwanamke wa makamo, amevaa buti za mpira na ovaroli iliyopauka, amekipa kiwanja mgongo. Kidole chake kilikuwa ndani ya ufa wa ukuta wa nyumba ya jirani, naye alikitembeza polepole kutoka juu hadi chini.

"Huyo mtu wako kapoteza nini pale?" mkandarasi mkubwa kuliko wote alimuuliza mdogo wake, na wenzao wakacheka.

Mdogo mtu naye alicheka, ingawa uso ulimpanda joto. Mwanamke yule alikuwa opereta wa mtambo wake wa kuchimba, mtambo mmoja tu, alioununua mkuukuu baada ya kumwendeshea kaka yake kwa miaka kumi. Kila alichokijua katika kazi hii alikipata kwa kaka: namna ya kushika vishikio vya mtambo na namna ya kutaja bei. Somo la bei lilikuwa fupi. Pita kiwanjani, ulizia nani mwingine anaomba, kisia atakachoandika, kisha ushuke chini yake. "Ukiwa chini ya wote, uko juu ya wote," kaka alipenda kusema, na kwa kweli ndivyo alivyoishi.

Kwa miaka mitatu mdogo mtu alilifuata somo hilo kama sala. Alishinda zabuni tisa kati ya kumi, hata marafiki wakambandika jina la Mshindi, na kila aliposhinda simu yake haikutulia kwa pongezi. Lakini minyororo ya mtambo ilikuwa imeungwa kwa kuchomelewa mara nne, na mkewe alikwisha kuacha kumuuliza habari za mabati ya nyumba yao. Kila kazi aliimaliza kama mtu aliyevuka mto kwa kuogelea, akafika ng'ambo salama, akakuta nguo zake zimechukuliwa na mkondo.

Opereta wake wafanyakazi walimwita Mama Meno, kwa sababu kila asubuhi, kabla ya kuwasha injini, alikagua meno ya kijiko cha mtambo moja baada ya jingine, kama mama anayekagua ya wanawe. Alikuwa ametoka kwenye machimbo ya kokoto, alikofanya kazi miaka kumi na saba. Waliomwona kazini waliapa kwamba angeweza kufunika sufuria kwa kijiko kile bila kumwaga tone la mchuzi. Hakuwa msemaji. Ila wiki iliyotangulia, walipomaliza mtaro mwingine uliowaacha hoi, alizima injini, akashuka, akafuta mikono kwa kitambaa.

"Bosi," alisema, "mimi naajiriwa kuchimba udongo. Kaburi la mtambo sichimbi. Kazi nyingine kama hii, utafute opereta mwingine."

Alilisema bila kupandisha sauti, na ndiyo maana Mshindi hakulala vizuri siku tatu.

Wengine walipoondoka, Mama Meno alikwenda kwa jirani mwenye ukuta ule, akamkuta anaanika nguo. Alimsaidia kubana shuka kwenye kamba, akamuulizia watoto, mwisho akamuulizia shimo la choo. Jirani alicheka kwa uchungu. Wachimbaji walilipwa mita nne, alisema, wakafika usawa wa kifua, wakaaga kwamba wanakwenda kunywa maji, na maji hayo wanayanywa mpaka leo. Na mvua ikinyesha, shimo hujaa lenyewe.

Mama Meno alirudi kwa bosi wake na kumweleza kwamba ukuta ule nusu yake ilikuwa imekaa juu ya jiwe na nusu juu ya udongo. Nusu moja ilishuka, nusu ikagoma, na ufa ukapita pale zilipoagana. Alitaka mashimo matatu ya majaribio kabla ya kuandika bei yoyote. Mshindi alinung'unika. Hiyo ilikuwa kazi ya siku mbili, kwa vibarua wa kulipwa, juu ya kitu ambacho huenda wasikipate.

"Fundi cherehani anakutajia bei kabla hajakupitishia futi?" aliuliza Mama Meno.

"Hapana, lakini dada..."

"Basi tupitishe futi."

Muuguzi mkuu wa zahanati, mwanamke mwenye haraka na miwani iliyofungwa kwa uzi, aliwapa ruhusa bila kuuliza mengi. Alichotaka yeye ni wodi ya wazazi. Kwa sasa kinamama walijifungulia katika chumba ambacho pazia lake lilifika magotini.

Mashimo mawili ya kwanza yalishuka mita mbili na nusu katika udongo mwekundu, laini kama unga. Mshindi alianza kutabasamu. La tatu lilikuwa upande wa magharibi, pale ambapo michoro ilionyesha vyumba vya kujifungulia. Kwa kina cha mita moja na robo, mtaimbo wa kibarua ulilia. Mshindi alishuka mwenyewe, akaupiga hapa na pale. Kila alipopiga, ulimrudishia mlio uleule na ganzi mkononi. Maji baridi yalikuwa yakijitokeza ubavuni mwa shimo, machache, bila haraka. Aliinua uso. Mama Meno alikuwa ameinama ukingoni, hana hata dalili ya kujigamba. Anatazama jiwe kwa heshima, kama anayemtambua mtu waliyewahi kufanya naye kazi.

Hapo ndipo jambo fulani lilipogeuka ndani ya Mshindi. Alihesabu moyoni kazi zote alizoziandikia bei akiwa ndani ya gari, dirisha wazi, injini inanguruma. Alikuwa akinunua mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe alilifunga kwa mkono wake.

Walikaa kuandika bei katika ofisi yake, chumba kimoja chenye meza, feni isiyozunguka na kalenda ya mwaka uliopita. Mama Meno alikuja na kopo la biskuti alilolijaza udongo na kuushindilia hadi ukingoni. Aliuchokonoa wote kwa kijiko cha chai, akaumwaga kwenye gazeti, kisha akamwambia aurudishe. Mshindi aliurudisha. Kopo lilijaa, na juu ya gazeti pakabaki kichuguu cha udongo usio na pa kwenda.

"Ardhini udongo umelala," alisema Mama Meno. "Ukiuamsha unavimba. Lori linabeba ule ulioamka, bosi. Wewe siku zote unahesabu ule uliolala."

Mshindi alikitazama kichuguu kile. Hizo ndizo safari za lori alizozilipia mfukoni miaka mitatu, akidhani madereva wanamwibia dizeli.

Waliendelea hivyo hadi alasiri. Mama Meno alimuuliza kifusi kitamwagwa wapi na lori litachukua dakika ngapi kwenda na kurudi, si kwa kukisia. Wakatoka wakaendesha njia ile, saa mkononi. Alimuuliza nani atalipa siku ambayo mtambo utakaa ukitazama mvua. Meno ya kijiko aliyahesabu kwa vidole: kwenye udongo hudumu miezi, kwenye jiwe hata wiki ni msaada wa Mungu. Waliandika pampu ya maji, na nyundo ya kuvunjia mwamba ambayo ingebidi ikodiwe. Kisha akamuuliza swali ambalo hakulitarajia.

"Na wewe?"

"Mimi nitabaki na faida."

"Faida ni ya kununua mtambo siku huu ukifa. Mshahara wako uko wapi?"

Aliandika mshahara wake kwa mara ya kwanza tangu ajiite bosi, na mkono ulimwia mzito, kama anayeghushi hati. Walipojumlisha, bei ilikaribia mara mbili ya ile ambayo angeiandika garini. Waliigawa sehemu mbili: ya udongo, na ya jiwe kwa kila mita ya ujazo, ili zahanati ilipe jiwe litakalopatikana tu. Mshindi alitia saini haraka, mtu anavyomeza dawa chungu.

Bahasha zilifunguliwa mbele ya wote. Bei ya kaka yake ilikuwa ya chini kabisa. Ya Mshindi iliposomwa, mtu alipiga mluzi. Mwenyekiti wa kamati ya zabuni, kwa upole, alimuuliza kama hawezi kuitazama upya.

Mshindi alisimama. "Mheshimiwa, faida yangu naweza kuipunguza kidogo," alisema. "Jiwe siwezi kulipunguza. Lipo mita moja na robo kwenda chini, na shimo liko wazi kwa anayetaka kuliona."

Muuguzi mkuu alivua miwani akamtazama. Lakini kamati ilikuwa na fungu lake na saa zake. Kazi ilikwenda kwa kaka mtu, saini itiwe keshokutwa saa nne asubuhi. Kaka alimpiga begani kwa mapenzi wakati wa kutoka. "Mdogo wangu," alisema, "unazeeka kabla yangu."

Alitarajia kwamba fedheha ingemtafuna. Haikumtafuna. Alikula vizuri, akamweleza mkewe habari yote, akashangaa kusikia sauti yake mwenyewe imetulia. Kilichomwandama kilikuwa kingine. Mtambo mmoja wa kaka yake ulikuwa bado wa mkopo wa benki, na bei ile iliyosomwa isingetosha hata meno ya kijiko. Kwa dakika chache alijiambia acha aingie mkenge, naye aonje. Kisha akamkumbuka kaka huyohuyo akimlaza mapajani, wangali vijana, baada ya mnyororo wa mtambo kumvunja kidole, akaona haya.

Kesho yake alimweleza Mama Meno. Naye hakumshauri. Alisema tu, "Mashimo hatujayafukia."

Siku ya saini walimngoja kaka mtu langoni. Alifika na shati jeupe na bahasha ya kaki kwapani, na aliposikia wanachotaka, macho yakawa madogo.

"Unataka nijitoe ili uichukue wewe."

"Ningetaka hivyo, kaka, ningenyamaza ukwame," alisema Mshindi. "Siombi ujitoe. Naomba utazame kabla hujatia saini. Ukishatazama, fanya upendavyo."

Kaka mtu alikuwa amekuja kuchukua kazi, si kufundishwa mbele ya opereta. Lakini miaka thelathini ya uchimbaji haimwachi mtu apite shimo bila kuchungulia. Aliwafuata hadi shimo la tatu, akachungulia. Kisha alimpa mdogo wake bahasha, akakunja suruali, akashuka. Mama Meno alimpokeza mtaimbo.

Walimsikia akipiga. Alisogea hatua, akapiga. Akasogea tena, akapiga. Maji yalimpanda viatuni. Alipiga mahali pa nne kwa nguvu zaidi, kama anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo anajua mwenyewe yumo. Kisha akaacha kupiga, wakasikia mtoto akilia ndani ya zahanati.

Mshindi alimpa mkono, akamvuta. Kaka mtu alikaa juu ya lundo la udongo mwekundu, shati jeupe na yote, akihema. Hakuwatazama. Alitazama ule ukuta wa jirani na ufa wake, akautazama toka juu hadi chini.

"Miaka yote hii," alisema hatimaye.

Alinyoosha mkono aipate bahasha yake. Mshindi alimpa, akidhani sasa atakwenda ndani. Kaka aliigeuza upande usioandikwa kitu, akaiweka gotini, akatoa kalamu mfukoni.

"Dada," alimwambia Mama Meno, na sauti ilikuwa ya mtu mwingine, "unaanzia wapi?"

Mama Meno alisogeza buti zake, akakaa chini mkabala naye, akachota konzi ya udongo, akaufumbata mkononi.

Muuguzi mkuu alikuwa ametokea mlangoni. Saa nne ilikuwa imepita kwa dakika kumi. Ndani kamati ilikuwa imekaa, mkataba uko mezani. Mshindi alimfuata haraka, akamwomba awape muda kidogo.

"Mnasubiri nini?" aliuliza muuguzi.

Mshindi aligeuka. Kule kiwanjani kaka yake alikuwa ameinamia bahasha anaandika, anafuta, anaandika tena, na Mama Meno alikuwa akisema polepole, bila kumharakisha. Mshindi alijisikiliza moyoni, akitafuta anatamani kazi iende kwa nani, na hakusikia kitu.

"Anapima," alimjibu muuguzi.

Muuguzi alitazama alikotazama yeye. Halafu akalivuta jiwe dogo kwa mguu, akaliegemeza mlangoni ubaki wazi, akasimama naye.