Refusha Hatua

Mimi ndiye niliyemharibu mdogo wangu Andendekisye, na sitaki mtu anifariji.

Mwaka 1955 hakuna aliyemshinda mbio Mbeya nzima. Alikimbia kwa vihatua vifupi vya harakaharaka, kama sisi wote tuliokulia milimani, maana mteremkoni ukitupa mguu mbali unabiringika. Mshindi wa maili tatu kule Iringa alikuwa ameahidiwa kazi ya polisi, na shamba letu la kahawa halikututosha wawili.

Basi mimi, mjuaji, nikaona vihatua vile vinatutia aibu. Kazi yangu ilikuwa kuwapimia wakulima mashimo ya miche ya kahawa kwa kamba yenye mafundo, kila fundo shimo. Nikafunga mafundo mapya, moja kila baada ya futi sita, nikaitandaza kamba uwanjani.

"Kanyaga kwenye fundo," nikamwambia. "Usikanyage katikati."

Mtu mwenyewe mfupi. Akawa anatua kwa kisigino, mguu umetangulia mbele mno ya goti. Baada ya wiki mbili goti likaanza kuvimba.

"Kaka, naona kila hatua najizuia mwenyewe."

Nikamwambia huo ni uvivu.

Kule Iringa, hadi mzunguko wa kumi alikuwa wa nne, akichechemea. Mzunguko wa kumi na moja akachoka hata kukumbuka mafunzo yangu, miguu ikarudia mwendo wake wa nyumbani. Akapita mmoja, akapita wa pili, akamkaribia Bushiri, mwana wa mwenye duka wa pale mjini. Watu wakasimama. Nami, mpumbavu, nikapaza sauti: "Refusha hatua!"

Alinisikia. Tangu baba afariki hajawahi kunikatalia neno. Akarefusha, na hatua ya tatu goti likapinda upande, akaanguka.

Hospitalini tukaambiwa goti hilo halitakunjika tena. Bushiri alikuja kumjulia hali.

"Pole, bwana. Ulipokuja na zile hatua fupi, nilishakata tamaa."

Andendekisye akamshukuru. Mimi nilitoka nje nikalia.

Tulirudi Mbeya kwa lori, yeye amelazwa juu ya magunia, mguu umefungwa mbao. Njia nzima nilingoja anilaumu. Tulipopita Sao Hill akanigusa mkono.

"Kaka," akasema, "nilizirefusha vya kutosha?"

Nikamjibu ndiyo.