Ubao wa Dirishani

Kwa miaka sita seremala alimwahidi mkewe kabati la vyombo. Sufuria zilikaa kwenye maboksi, na kila akiulizwa alijibu, "Mbao nzuri zimeadimika." Dada yake seremala alipopanga chumba afungue mgahawa mdogo, mbao nzuri zikapatikana siku ya pili.

Akatengeneza meza saba na mabenchi ya ukutani, hata vibao vya kutundikia mikoba. Alirudi nyumbani na vumbi la mbao masikioni, sifa za dada yake mdomoni.

Siku ya ufunguzi mke alivaa gauni lake zuri, akaenda kutafuta kasoro.

Kuta zilikuwa na rangi ya kijani cha parachichi. Taa zilining'inia chini juu ya meza, kila uso ukapendeza. Dirishani palikuwa na ubao mwembamba wenye viti virefu vilivyotazama barabarani. Hapo roho ikamuuma. Yeye ndiye aliyewahi kumwambia mumewe, "Mimi ningeweka viti dirishani, mtu anayekula peke yake asione aibu."

"Kaka yangu ana akili!" wifi yake aliwaambia wageni. "Huo ubao ni wazo lake."

Seremala alitazama sakafu.

"Ni wazo langu, wifi," mke akasema. "Muulize."

Seremala akakohoa. "Kweli, ni lake."

Wifi akaona haya, akamshika mkono. "Kumbe fundi ni wewe! Basi nisaidie. Ile meza ya kona, karibu na jiko, hakuna anayeitaka. Nifanyeje?"

Mlango wa jiko ulifungukia mgongoni mwa mteja. Mke aliliona jibu papo hapo.

"Sijui," akasema.

Wiki tatu alipita nje akichungulia. Akiikuta meza ile tupu, alirudi nyumbani akitembea kwa maringo.

Wiki ya nne mvua ilimkimbiza ndani. Pote palikuwa pamejaa, isipokuwa konani. Akakaa, akaagiza chai. Mara mlango ukamgonga kisogoni, chai yote ikamwagikia mapajani.

"Huu mlango ufungukie jikoni!" alifoka. "Hamisheni bawaba tu!"

Wifi alikuja mbio na kitambaa. Akasimama.

"Ulikuwa unajua tangu siku ile?"

"Nilijua," mke alisema, akijifuta. "Na wivu bado ninao, nisikudanganye."

Wifi akavuta kiti, akaketi mbele yake. "Haya, niambie na mengine unayoyajua."