Spika Juu ya Magunia

Maximilian wa Chanji alikuwa na spika ambayo akiifungulia, kuku wa mbali kule Msanzi walitaga kabla ya saa yao. Ndivyo alivyosema mwenyewe. Aliipandisha sebuleni juu ya magunia ya mahindi, chakula chao chote mpaka mavuno mengine. Mahindi hayo hakuyatia dawa.

"Kwa baridi hii ya Ufipa?" alimwambia mkewe, Jovina. "Mdudu gani ataishi hapa? Labda avae koti!"

Haukupita muda, Jovina akaanza kusikia mkwaruzo. Krr, krr, chini kabisa ya wimbo, kama mtu anayetafuna gizani asitake kugawana.

"Baba Kristiana, spika yako inakwaruza."

"Masikio yako ndiyo yanakwaruza. Yapeleke kwa fundi."

Fundi akaja mwenyewe. Loth, jirani yao, alileta spika mpya, akaipandisha kwenye magunia yale yale kando ya ile ya zamani, akazifunika zote kwa kitenge. Akapiga moja, akapiga nyingine.

"Haya, shemeji. Mbovu ni ipi?"

Jovina alifumba macho. "Zote mbili."

Wanaume walicheka mpaka Loth akashika ukuta. "Shemeji, hii nimeitoa kwenye boksi sasa hivi!"

Tangu hapo, kila alipolalamika, mumewe aliongeza sauti, na kweli mkwaruzo ulizama. Ila Jovina aliuhisi kwenye meno.

Jumapili moja baada ya misa, kwaya ikiwa imepamba moto kwenye spika, umeme ukakatika. Nyumba ikanyamaza.

Krr. Krr. Krr.

Taa za spika zilikuwa zimezimika. Mkwaruzo haukuzimika, tena sasa haukuwa na wimbo wa kujifichia.

"Unasikia?" Maximilian alinong'ona.

"Mimi unaniuliza leo?"

Jovina aliweka kiganja kwenye gunia. Nje baridi ilikuwa ya kukatika vidole. Gunia lilikuwa la moto kama mgonjwa wa homa. Akakata uzi. Hayakumwagika mahindi. Lilimwagika vumbi la unga, na ndani yake dumuzi weusi, wakitembea bila haraka kama wenye nyumba. Akafungua la pili. La tatu. Vumbi.

Umeme ukarudi. Kwaya ikadakia palepale ilipoachia, safi, bila doa. Jovina alinyoosha mkono azime.

"Acha," Maximilian alisema, bila kumtazama. "Acha iimbe. Ongeza sauti kidogo."