Udongo Wenye Chumvi

...lakini mbona nyasi za pale shimoni kilimani, anapochimba udongo, zilistawi vile wakati Handeni nzima imekauka, hilo Mashavu hakuwahi kulipatia jibu, hata sasa, ungo magotini, anachagua mabonge ya udongo wa kula aliyoyakausha juu ya moto, ya kuwapelekea wajawazito wa Segera, na binti yake Rukaya amekaa mkekani na tumbo lake kubwa, amenyoosha kiganja, "Mama, mjukuu wako anadai udongo wake, utamnyima?"... subiri, mwanangu... nyasi za kijani kizito kama mahindi yaliyotiwa mbolea, na nani alitia mbolea kilima cha mawe?... zamani kilima kile kilikuwa kigumu, marehemu mama yake alikipiga sururu asubuhi nzima apate kikapu kimoja, wakaja wachimbaji wa dhahabu, filimbi, watu kimbieni, kisha mshindo unaopita miguuni kabla haujafika masikioni, na walipoondoka bila dhahabu udongo ulibaki umelegea, unamomonyoka kwa vidole kama andazi, naye akashukuru, Mungu hamtupi mja wake, akaacha sururu nyumbani... "Mama, umelala?"... silali... na Bonaventura, yule mpiga baruti, alivyokuwa akicheka, "Iliyolipuka haina neno, mama, ogopa iliyokataa kulipuka," akichezea kiganjani chenga nyeupe za baruti zilizomwagika, kama mbolea ya kukuzia, kama chumvi... chumvi... Hilaria pale njia panda ya Segera, mimba yake ya kwanza, "Mama Rukaya, udongo wako siku hizi una chumvichumvi, mtamu, niongeze," wakaupenda wote, ukawa unakwisha kabla ya mabasi ya Arusha kupita, naye akajisifu, si alijisifu?... mvua za vuli zikaja, dimbwi likasimama shimoni, mbuzi wa jirani yake Mhina wakanywa, wakatetemeka, wakaanguka, Mhina akawahi kumchinja mmoja, akabaki na kisu mkononi, "Dada Mashavu, njoo uone, damu gani hii, kama kahawa," watu wakasema nyoka, wakasema jicho la mtu, na yeye, aliyesimama pale na kikapu kichwani, akashuka shimoni kuchimba, kwa kuwa mvua ile ile ilikuwa imemlainishia udongo... "Mama!"... kiganja bado kipo wazi... aonje kwanza, aweke chembe ulimini, yeye asiyekula udongo tangu alipomzaa huyu... ubaridi, kisha chumvi, kisha uchungu unaochelewa nyuma ya koo... chumvi ya nani hii, kilima kile hakikuwahi kuwa na chumvi, mama yake alisema udongo mwema hunukia mvua, basi... huenda si kitu, yeye anajua nini, hakusomea... lakini mbuzi nao hawakusomea... basi, udongo huu utaingia chooni, wote, ataumwaga kwa mikono yake mwenyewe iliyouchimba, na kesho atakwenda Segera na ungo mtupu, amtafute Hilaria kabla ya wengine, amwambie usoni, akitukanwa atukanwe... anafumba mkono, anauvutia ungo kifuani. "Leo hakuna, mwanangu." "Hakuna nini, na ungo umejaa?" Rukaya anacheka, kiganja bado kipo wazi, na anapocheka Mashavu anauona ulimi wake, umetapakaa udongo.