Belise wa Bangoni

Siku ya kufunga mafunzo ya ushonaji, Belise aliazima sketi kwa jirani yake Claudette, akaketi nyuma ya cherehani mpya, akatabasamu kama alivyoambiwa. Mpiga picha alipomaliza, dereva wa mradi aliibeba ile cherehani akairudisha garini. Ilikuwa inasubiriwa kwenye mji wa Mahoko, kwa picha nyingine.

"Zenu zitakuja," wakaambiwa.

Zilizokuja ni mvua. Picha yenyewe ikawa bango kubwa kando ya barabara ya Grande Barrière, inayokwenda mpakani: Belise anashona, na juu yake maandishi KIJANA SIMAMA. Jumatatu asubuhi bango likaanza kazi. Cherehani ilisikika tangu kwenye kona, na wanawake wanaovuka kwenda Goma na mabeseni kichwani walisimama kidogo, wakarusha vitenge vyao juu. Jioni walipovuka kurudi, magauni yalikuwa tayari na mishono imenyooka. Wakayakunja, wakaenda zao. Nani ana muda wa kushangaa na mtoto mgongoni?

Belise wa chini alikuwa kibarazani kwa mama yake na sindano ya mkono. Viraka vya majirani ndivyo vilivyokuwa vikimpa sabuni na chumvi. Sasa hata viraka vilipelekwa bangoni.

Akaenda kwenye ofisi ya mradi. Afisa Ndahiro, aliyekulia Tanzania, alimpokea kwa adabu zote, hata kiti akamvutia.

"Dada yangu, leo asubuhi nimekuona kazini. Hongera."

"Yule ni picha, mukubwa. Mi sina mashini."

"Cherehani tunampa asiye na kazi. Wewe unayo. Usiwazibie wenzako nafasi."

Hasira ilimpanda Belise mpaka masikio yakamwaka. Ebo! Unampa mtu kitu mbele ya kamera, unamnyang'anya kamera ikizimwa, kisha unamwambia ameshiba, tena unampa hongera! Njia nzima alitukana kimoyomoyo, na hakumsahau mtu.

Alipofika chini ya bango akapaza sauti. "We! Shuka! Iyo kazi ni yangu!"

Belise wa juu akasimamisha gurudumu, akamtazama kwa tabasamu lilelile.

"Uko na uzoefu wa miaka ngapi?"

"Uzoefu? Si tulisoma pamoja?"

"Bon, bila uzoefu itakuwa nguvu, hautaweza," akasema yule, akarudia kitenge chake.

Belise akaokota jiwe. Mlinzi wa duka la jirani akamshika mkono kwa upole, akamwomba asisumbue watu walioko kazini.

Nyumbani, mama yake, Vénantie, alikuwa amekaanga sambaza, vile visamaki vya ziwani. Sahani moja iliyojaa ilifunikwa kwa kitambaa safi.

"Ya nani hii, mama?"

"Pelekea ule wa kule juu. Mutu wa kazi hawezi kushinda njaa."

"Na mi?"

Vénantie hakumtazama. "We ulikunywa chai asubuhi."

Belise alitaka kuitupa sahani ukutani. Alitaka kulia pia, lakini sambaza zilikuwa zinapoa. Akaibeba hadi barabarani, akaazima ngazi kwa mlinzi, akapanda. Akamlisha yule tonge kwa tonge, kwa sababu mikono yake ilikuwa na kazi.