Msibonyeze

Kazini walimwita Chujio, na jina likamganda. Kazi yake ilikuwa kusoma barua pepe ambazo wateja wa kampuni wamezitilia shaka, kisha akate shauri: hii ya kweli, hii ya tapeli. Za tapeli alizipiga alama nyekundu zisimfikie mtu mwingine. Aliianza kazi hiyo kifungua mimba wake akiwa bado tumboni, na sasa kifungua mimba huyo ananyoa ndevu.

Mwanzoni kazi ilikuwa na raha yake, maana matapeli wa siku hizo walikuwa wavivu. Mara mjane wa jenerali ana sanduku la dhahabu na anatafuta mcha Mungu wa kumsaidia kulitoa bandarini. Mara umeshinda bahati nasibu ambayo hukuicheza. Na lugha yenyewe imepinda kama msumari uliogongwa na mlevi. Enzi hizo walikuwa chumba kizima, wakisomeana barua kwa sauti mpaka mtu anapaliwa na chai kwa kicheko.

Kisha mambo yakageuka. Matapeli wakapata programu za kuwaandikia, na barua zikaanza kuja zimenyooka, zina shikamoo, zina pole ya msiba, zinajua hata mtaa uliohamia. Kampuni nayo ikaleta programu ya kuzichuja. Mashine ikawa inaandika, mashine inasoma, binadamu wanaokota yaliyodondoka katikati. Viti vikaanza kubaki vitupu kimoja kimoja, hadi wakasalia wawili: Chujio na jirani yake wa meza, ambaye walimwita Mzee, si kwa umri bali kwa jinsi alivyoguna kila anapoketi.

"Hivi wewe unaonaje," Mzee alimuuliza asubuhi moja, "hii teknolojia inatupeleka wapi?"

"Nyumbani," Chujio alijibu bila kuinua macho.

Alikuwa amechoka, na si macho tu. Alikuwa amechoka kutoamini. Dada yake akimtumia ujumbe wa kumjulia hali, alimpigia simu kwanza kumhoji: ni wewe kweli, mara ya mwisho tulionana wapi? Zamani dada alicheka. Siku hizi hacheki wala haandiki. Daktari wa meno alipomkumbusha miadi, Chujio alimzuia kama tapeli, na jino likaoza mpaka likang'olewa.

Siku hiyo, muda wa chai ukikaribia, barua iliingia kwake, kwa Mzee na kwa watu wa vitengo vingine kadhaa. Ilisema hivi: "Mpendwa Mwanafamilia Wetu. Tunathamini sana safari yako nasi. Kutokana na mabadiliko ya sekta, nafasi yako imefikia hatua mpya. Tafadhali bonyeza hapa na uthibitishe akaunti yako ya benki kabla ya jioni, usije ukapoteza stahili zako."

Mzee akageuka. "Umeiona?"

"Hii naiona hata bila miwani." Chujio akaanza kukunja vidole. "Jina la mtu hakuna. Inabembeleza. Inaharakisha. Inataka benki. Jamani, leo wamekuja kutuingiza mjini sisi wenyewe! Mpaka jikoni kwetu!"

Akaipiga alama nyekundu, na papo hapo programu ikaitupa. Kisha akatuma onyo kwa kampuni nzima: "Msibonyeze. Ni matapeli. Kampuni yetu haiwezi kumwandikia mtu namna hii."

Shukrani zikamiminika. Mhasibu wa ghorofa ya juu alishuka mwenyewe kumpa mkono. Alikuwa ameshaanza kupekua namba za benki, alisema, huku moyo unamwenda mbio. Chujio akajiona mtu tena, jambo ambalo halikuwa limemtokea kwa muda mrefu. Mchana alikula kwa hamu na akaongeza.

Alasiri mkuu wa kitengo alimwita koridoni. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisugua shingo, akatazama dirishani.

"Chujio, ile barua."

"Nimeshaizuia, bosi."

"Najua. Ni ya kweli."

Chujio akacheka. Bosi hakucheka.

"Imetoka utumishi. Hata mimi nimeipata. Nilipoona onyo lako nikashusha pumzi, nikaenda zangu kula." Akasugua shingo tena. "Hakuna aliyebonyeza, hata mmoja. Huko juu wamechanganyikiwa."

Walikuwa wamejaribu kutuma barua ya pili. Hiyo nayo, programu iliizuia yenyewe, bila kumuuliza mtu. Basi ikabidi afisa utumishi ashuke kwa miguu yake, chumba kwa chumba, awaambie watu kwa mdomo.

Alipofika kwa Chujio na Mzee alikuwa hoi. Alikuwa mama mtu mzima, kitambaa cha kufutia jasho kimelowa mkononi. Alivuta kiti kimojawapo kati ya vile vitupu.

"Niruhusuni nikae, wenzangu."

"Karibu," Chujio alisema. "Uliiandika wewe?"

"Niliipa programu mambo ya kusema, ikayapanga. Nikasoma, nikaona imependeza."

"Ilipendeza kama za matapeli."

Yule mama akajaribu kutabasamu, tabasamu likakwama njiani. "Sikutaka kumwambia mtu usoni, ndugu yangu. Nilijua nitashindwa. Nilitaka nibonyeze mara moja, nirudi kwangu nikalale."

"Basi niambie sasa."

"Nikwambie nini na umeshajua?"

"Niambie hivyo hivyo. Nisikie mtu ananiambia."

Afisa akaketi wima. Akalitaja jina la Chujio, lile halisi, pamoja na la baba yake. "Kazi yako inaisha mwisho wa mwezi. Programu itaifanya yote. Nasikitika sana, na..." Akajifuta uso.

Chujio hakulia. Alijisikia kama mtu aliyesimama foleni siku nzima, kisha akaambiwa dirisha limefungwa. Uchungu upo, lakini miguu inashukuru. Akamsogezea yule mama chupa yake ya maji.

Mzee akaguna. "Na matapeli je? Wenyewe wanapunguzwa lini?"

Wakacheka wote watatu, afisa akiwa bado anajifuta.

Nyumbani Chujio alimkuta mume wake, fundi wa majokofu, barazani anasafisha vifaa vyake kwa mafuta ya taa. Akamweleza mwanzo hadi mwisho. Mume akasikiliza, tambara mkononi, asijue pa kuweka uso.

"Yaani uliizuia mwenyewe barua ya kukufukuza kazi?"

"Kwa mkono wangu."

"Sasa si ungekaza tu, mke wangu, isipite kabisa?"

Chujio akacheka mpaka akashika mbavu, kisha kicheko kikamwishia ghafla, akajiegemeza ukutani. Mume hakuuliza ya kesho wala ya keshokutwa. Aliingia jikoni kumbandikia maji ya kuoga. Aliporudi kumwambia yamepata moto, Chujio alikuwa amelala pale pale alipokaa, kiatu kimoja mguuni. Akachuchumaa, akamvua kile kiatu taratibu, akamwacha alale.