Chaki ya Futi

Jumanne saa nne asubuhi Mama Pindo alitundika gauni la harusi kwenye nondo za dirisha, akafuta kioo cha simu kwa ncha ya blauzi, akapiga picha tatu. Iliyotoka vizuri akaituma kwenye kundi la mafundi cherehani. Chini yake akaandika: "Jamani, mnaonaje?"

Kundi lilikuwa na watu thelathini na mmoja, na karibu wote walijua swali hilo linajibiwaje. Zikaja sura zenye macho ya mapenzi. "Mikono ya dhahabu!" "Bibi harusi hatembei huyo, anaelea." Halafu akaja Futi.

Futi alikuwa fundi aliyeshonea chumbani kwake, mtu wa maneno machache na vipimo vingi. Aliikuza picha, akaitazama dakika kumi na moja, akaandika: "Mkono wa kushoto umepungua nusu inchi. Mshono wa kwapa umebana. Bibi harusi akipunga, utafumuka. Bado siku nne, unawahi kurekebisha."

Sura za mapenzi zikakoma.

"Eh! Kumekucha," mmoja akaandika.

"Hicho kijembe, mwenzangu. Usikimeze."

Mama Pindo hakukimeza. "Asante, mwalimu," aliandika. "Tufundishe na mengine, maana sisi sindano tumeishika jana."

Futi akafurahi. Hakuwahi kuombwa mengine. Akaandika sita, kwa namba, kuanzia zipu.

Vicheko vikajaa kioo. Mama Pindo, ambaye ndiye aliyelianzisha kundi, akabonyeza jina la Futi, akamtoa. Ilichukua muda mfupi kuliko kutia uzi kwenye sindano. Na humo kundini ndimo mafundi walimogawiana kazi zilizowazidi: sare za shule, mapazia, suruali za kupunguza. Futi kazi zake zote alizipata humo.

Jumamosi bibi harusi alipunga. Mshono ukafumuka urefu wa kidole. Mama Pindo, aliyekuwa mmoja wa waalikwa, akauficha kwa pini. "Vitambaa vya siku hizi," akasema, "havina adabu."

Jumatatu akafungua duka, akakuta chaki kwenye kitambaa alichokikata Ijumaa. Maandishi madogo, yamenyooka kama yamepigiwa rula: "Kiuno, robo inchi, kulia." Akapima. Kweli, robo inchi, kulia. Akarekebisha, akaendelea na kazi. Jumanne chaki ilikuwa kwenye kola. Jumatano ilikuwa kwenye suruali ya mwalimu mkuu. Mlango aliufunga kwa kufuli mbili. Hakununua ya tatu, maana hakuna kilichokuwa kinaibiwa.

Alhamisi dada yake Futi, muuza vifungo, akapita na kapu lake. Yeye ndiye aliyemwingiza kaka yake kundini, na siku ile alituma sauti ya dakika mbili: kaka yangu ana usonji, akisema jambo ni hilohilo, nyuma yake hakuna fumbo, na nyie mkitaka kumwambia kitu, mwambieni waziwazi. Watu walimrudishia mioyo myekundu. Mama Pindo alisikiliza sekunde kumi na mbili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Vifungo vyeupe unavyo?"

Muuza vifungo akatazama kitambaa kilichokuwa mezani. "Huo mwandiko wa kaka."

"Ndiyo."

"Wiki hii anaamka na vidole vyeupe kwa chaki. Nikajua tu anaota kazi." Akaweka vifungo mezani. "Cherehani kaifunika shuka. Nimemwambia mmemtoa. Kaniuliza kosa lake nini, nikakosa la kumwambia. Kosa lilikuwa nini, mama?"

Mama Pindo akainama kuokota pini ambayo haikuwa imeanguka. Akakaa huko chini zaidi ya inavyohitaji pini.

"Nitamrudisha," akasema kutoka chini ya meza.

"Lini?"

"Siku hizi hizi."

"Nitajie siku, mama. Ataniuliza siku."

Ijumaa, chini ya vipimo, chaki iliongeza mstari: "Nimekosea wapi? Naomba kipimo."

Vipimo vilitoka kwa brashi. Mstari ule haukutoka. Akaujaribu kwa maji, kwa sabuni, kwa mvuke wa pasi, ukazidi kukolea. Basi akakata bitana, kitambaa cha ndani ya nguo, akaufunika nayo.

Toka hapo kila nguo ilikuja na vipimo na swali lilelile, na nguo zake zikawa hazina dosari. "Mama, tuambie siri," walimwuliza kundini. "Jicho tu, wenzangu," akaandika, kisha akaigeuza simu kifudifudi, uso unawaka kama ameinamia jiko.

Mchana mmoja alilifungua jina la Futi. Kidole kikasimama juu ya neno "Ongeza". Akimrudisha, Futi atauliza kosa lake mbele ya wote, na atasubiri jibu. Jibu lilikuwepo, fupi, halijazi hata mstari: Ulisema kweli, nikaona aibu. Akaliandika. Akalisoma mara mbili. Akalifuta herufi moja moja, kuanzia mwisho.

Kwenye duka la vitambaa walimwuliza bitana yote hiyo ya nini na joto hili. "Wateja wanaipenda," akasema. Wateja walizivaa nguo wakaenda kazini, harusini na mahakamani, swali likiwa upande wa ndani, karibu na ngozi. Mmoja tu alirudi, akasema linamwasha kidogo mgongoni. Mama Pindo akamwambia avumilie, mwili utalizoea.

Asubuhi iliyofuata lilikuwapo gauni jingine la harusi, na chaki juu yake: kwapa la kushoto, nusu inchi. Chini yake, swali. Akalifumua kwapa, akalishona upya, likakaa sawasawa. Kisha akavuta bitana, akachukua mkasi.